Krismasi katika milima ya chai: Nyumba ya biskuti ya tangawizi bila oveni wala theluji

MWEZI wa Desemba unapoingia, maduka makubwa ya Kericho na Bomet hupambwa kwa picha za nyumba ndogo zenye paa lililofunikwa theluji. Nyumba hizo, ambazo katika nchi za Ulaya na Marekani huundwa kwa biskuti ngumu ya tangawizi na kurembwa kwa peremende za kila rangi, ni kazi inayowaleta wazazi na watoto kwenye meza moja siku chache kabla ya Krismasi. Mzazi wa Litein au Mogogosiek akiitazama picha hiyo huenda akadhani kwamba jambo lenyewe si lake. Hana oveni, hajawahi kuona theluji, na bonasi ya majani chai aliyolipwa mnamo Oktoba tayari imegawanywa kati ya deni la mbolea na karo ya Januari.

Hata hivyo, karibu kila kinachohitajika katika kazi hiyo kimo jikoni mwake au katika soko lililo karibu naye. Unga ni uleule wa chapati. Sukari guru hutengenezwa katika mabonde ya miwa ya Muhoroni na Chemelil, chini tu ya milima ya Kericho, na hata Soin, ndani ya kaunti yenyewe, kuna mashamba ya miwa. Tangawizi ndiyo ile inayotiwa katika chai ya asubuhi. Kinachomkwamisha mpishi wa nyanda za juu si ukosefu wa vifaa bali maelezo ya vitabu vya kigeni, ambavyo viliandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, wenye oveni ya umeme na hewa kavu ya majira ya baridi. Makala haya yanaeleza kazi hiyo kama inavyoweza kufanywa katika mji au kijiji kilicho kati ya mita 1,800 na 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwa sufuria na makaa.

ASILI YA BISKUTI HII

Kwa Kiingereza chakula hiki huitwa mkate, lakini kinachojengewa nyumba ni biskuti, tena ngumu kama kigae. Tangawizi ilitoka Asia na kufika Ulaya kwa njia za biashara ya viungo, na katika Zama za Kati watawa na waokaji wa miji ya Ujerumani walianza kuichanganya na asali, unga na viungo vingine. Mji wa Nuremberg, uliozungukwa na misitu yenye nyuki wengi, ulipata sifa kubwa kuliko miji mingine; mnamo 1643 waokaji wa biskuti hizo walipata chama chao wenyewe cha ufundi. Nchini Uingereza, inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza aliwaandalia wageni wake biskuti za tangawizi zilizochongwa kwa sura zao.

Nyumba ndiyo iliyochelewa. Mnamo 1812 ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapisha hadithi ya Hansel na Gretel, watoto waliopotea msituni wakaikuta nyumba iliyojengwa kwa mkate, paa lake keki na madirisha yake sukari. Baada ya hadithi hiyo kuenea, desturi ya kujenga nyumba za biskuti wakati wa Krismasi nayo ilienea Ujerumani, na wahamiaji wakaivusha bahari hadi Marekani. Siku hizi mji wa Bergen nchini Norway hujenga kila mwaka, tangu 1991, mji mzima wa biskuti uitwao Pepperkakebyen, na sehemu kubwa ya nyumba zake huokwa na watoto wa shule za chekechea na familia zao.

Inafaa kukumbushana hapa kwamba viungo vinavyoipa Krismasi ya Wazungu harufu yake havikuota Ulaya. Karafuu, ambayo harufu yake huijaza nyumba wakati biskuti hizi zinapookwa, ilipandwa Unguja na Pemba tangu mwanzoni mwa karne ya 19 na visiwa hivyo vikawa wauzaji wakubwa wa zao hilo duniani. Mdalasini, iliki na kungumanga zilijulikana katika pwani ya Waswahili kwa karne nyingi. Mama wa Kericho anayenunua pakiti ya karafuu kwa ajili ya biskuti za Desemba haigi watu kama anavyoweza kufikiri.

NYUMBA IPI IJENGWE?

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Nyumba ya kwenye picha ina kuta mbili ndefu, kuta mbili zenye pembe na vipande viwili vipana vya paa. Vipande hivyo havitoshei katika sufuria, na hata vikiokwa kwenye oveni hupinda kwa urahisi. Familia isiyo na oveni inashauriwa iiache nyumba hiyo na ijenge ile iliyokuwa ya mababu: nyumba ya mviringo ya Wakipsigis, yenye kuta za fito zilizokandikwa udongo na paa la nyasi lililochongoka juu. Vipande vyake ni vidogo, kila kimoja huingia kwenye sufuria ya kawaida, na kazi ya kuunganisha haina tofauti na ile ya kukandika.

Kwa kuwa ni vigumu kuoka ukuta wa mviringo, ukuta huo hugawanywa katika vipande 8 vilivyonyooka. Kila kipande kiwe na upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 8. Kimoja kikatwe mlango, na viwili vikatwe madirisha madogo. Paa lina pembetatu 8, kila moja ikiwa na kitako cha sentimita 6.5 na urefu wa sentimita 10.5 kutoka kitakoni hadi kileleni. Kitako cha pembetatu kimezidi upana wa ukuta ili paa litokeze nje kidogo, kama upenu. Vipimo hivi vichorwe kwanza kwenye kadibodi ya pakiti ya unga au ya majani chai, vikatwe, kisha viunganishwe kwa utepe wa gundi ili kuhakikisha kwamba nyumba inasimama. Mtoto wa darasa la sita anayejua kutumia rula anaweza kukabidhiwa kazi hii yote, na huenda akajifunza jiometri zaidi ya alivyojifunza muhula mzima.

DONGE

Kiasi kifuatacho kinatosha nyumba moja, vichaka vyake, watu wake, na biskuti za kutosha za kula. Jambo la mwisho lisipuuzwe, kwa sababu watoto wasiporuhusiwa kuonja watayala madirisha kabla ya jioni.

Chukua gramu 400 za sukari guru na uzipondeponde. Ziyeyushe juu ya moto mdogo pamoja na gramu 200 za majarini na mililita 100 za chai ya rangi iliyokolea, isiyo na maziwa. Vitabu husema maji, lakini chai hutia rangi nzuri ya udongo na uchungu kidogo unaopunguza makali ya utamu. Katika nchi inayokuza majani haya, kutumia maji itakuwa ni ubahili usio na sababu. Mchanganyiko ukishayeyuka, uchuje kwa kitambaa, maana sukari guru aghalabu huwa na makapi ya miwa, kisha uache upoe hadi uwe vuguvugu.

Katika bakuli kubwa chekecha gramu 750 za unga wa ngano pamoja na vijiko viwili vikubwa vya tangawizi ya unga, kijiko kikubwa kimoja cha mdalasini, nusu kijiko cha chai cha karafuu iliyosagwa na chumvi kidogo. Soda ya kuokea itiwe nusu kijiko cha chai tu. Vitabu vingi hutaja kijiko kizima, lakini katika nyanda za juu shinikizo la hewa ni dogo, hivyo gesi itokayo kwenye soda hutanuka kuliko kawaida, na kipande kilichokatwa kwa rula hutoka jikoni kikiwa kimevimba na kupoteza pembe zake. Kwa ukuta, ugumu ni bora kuliko wepesi.

Mimina mchanganyiko wa sukari kwenye unga na ukande hadi donge liwe laini lisiloshika mikononi. Likiwa kavu, ongeza kijiko kimoja cha maziwa. Likishika, nyunyiza unga. Lifunike na uliache usiku kucha. Anayeishi Kericho hahitaji jokofu kwa kazi hii, kwani usiku halijoto hushuka hadi karibu nyuzi 10, na donge likiwekwa mahali pa baridi pasipofikiwa na panya litakuwa limeshikamana vyema kufikia asubuhi.

KUOKA KWA SUFURIA

Sufuria pana na nzito hutandazwa mchanga mkavu uliochekechwa, kimo cha sentimita 2 au 3, kisha hufunikwa na kuwekwa juu ya jiko la makaa kwa robo saa ili ipate moto. Juu ya mchanga huwekwa sahani ya bati au kifuniko kidogo kilichogeuzwa, na juu yake vipande vya biskuti vilivyosukumwa hadi unene wa milimita 6. Kifuniko cha sufuria hurudishwa na kupakiwa makaa yaliyokolea. Siri ya njia hii, ambayo akina mama wengi wa vijijini wanaitumia kuoka keki, ni kwamba makaa ya juu yazidi ya chini. Wanaoshindwa ni wale wanaochochea jiko la chini wakidhani biskuti huiva kama ugali.

Kabla ya kuweka kazi ya siku mbili kwenye moto usiojulikana, jaribu kwa chembe ya unga. Inyunyize juu ya sahani ya bati ndani ya sufuria. Ikigeuka rangi ya kahawia hafifu baada ya dakika 5 hivi, moto unafaa. Ikiwa nyeusi, punguza makaa. Biskuti huchukua kati ya dakika 12 na 18. Zikitoka bado ni laini kidogo, na huo ndio wakati wa kuweka kigezo cha kadibodi juu ya kila kipande na kupunguza kingo kwa kisu kikali. Zikishapoa hazikatiki tena bila kuvunjika.

Madirisha ya vioo hupatikana kwa kuponda peremende ngumu zinazopenyeza mwanga. Kipande cha ukuta kikiwa karibu kuiva, kiweke juu ya karatasi ya bati iliyopakwa mafuta, jaza unga wa peremende kwenye tundu la dirisha, kisha kirudishe kwenye moto kwa dakika 4 au 5. Peremende huyeyuka na kuwa kioo. Kisiguswe hadi kipoe kabisa.

Onyo moja halina budi kutolewa bila kuzunguka. Jiko la makaa lisitumiwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha na watoto wanaona baridi. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Kazi hii ifanywe chini ya upenu au katika jiko lenye madirisha yaliyo wazi, na makaa yazimwe nje.

UNYEVU

Adui mkubwa wa nyumba ya biskuti katika nchi ya chai ni hali ya hewa ileile inayoipenda chai. Kericho hupata mvua karibu mwaka mzima, na ingawa kati ya Desemba na Februari mvua hupungua, ukungu wa asubuhi haukosekani. Sukari guru na asali hufyonza unyevu kutoka hewani. Kwa sababu hiyo ukuta uliokuwa mgumu Jumatatu unaweza kuinama Jumatano, na paa likaporomoka usiku wa mkesha, watoto wakiwa wamelala.

Dawa yake ni kuoka mara mbili. Siku ya pili vipande hurudishwa kwenye sufuria yenye moto mdogo kwa dakika 10 ili vikauke hadi ndani, kisha hufungiwa katika debe au bati lenye kifuniko kinachobana mpaka saa ya kujenga. Baada ya nyumba kusimama, iwekwe mbali na dirisha na mbali na birika. Mvuke wa chai ya familia ya watu 10 unatosha kuibomoa.

KUKANDIKA NA KUEZEKA

Gundi ya nyumba hii ni ute wa mayai mawili uliopigwa pamoja na gramu 450 hivi za sukari ya aisingi na kijiko cha chai cha maji ya ndimu, mpaka usimame wenyewe kijiko kinapoinuliwa. Sukari ya aisingi isipopatikana, sukari nyeupe ya kawaida isagwe kwa blenda mpaka iwe kama vumbi na ichanganywe na kijiko cha unga wa mahindi uliosagwa laini kabisa, ule wa kuongezea mchuzi uzito. Bakuli lifunikwe kwa kitambaa kibichi muda wote, la sivyo gundi hukauka kabla ya kazi kwisha.

Ute mbichi wa yai unaweza kubeba viini vya maradhi. Kama nyumba italiwa na watoto wachanga, wazee au mama mjamzito, ute na sehemu ya sukari vipashwe moto kwanza katika bakuli lililowekwa juu ya mvuke, huku vikipigwa bila kukoma, hadi kipimajoto kionyeshe nyuzi 71, au utumike ute wa unga unaouzwa madukani.

Kopo tupu lenye kipenyo cha sentimita 10 hivi huwekwa katikati ya ubao, na vipande 8 vya ukuta husimamishwa kulizunguka, kila kimoja kikipakwa gundi kwenye kingo. Kopo hilo huzuia kuta zisiangukie ndani. Nyufa zinazobaki kati ya vipande zisimtie mtu wasiwasi, kwani kila aliyewahi kukandika nyumba anajua kwamba ufa huzibwa kwa udongo zaidi. Baada ya saa 3 au 4 kopo huondolewa na paa huanza kuezekwa, pembetatu moja baada ya nyingine, zikiegemezwa kileleni. Kazi hii inahitaji mikono ya watu wawili kwa uchache, na ndiyo sehemu ambayo baba aliyekuwa akisoma gazeti pembeni hulazimika kuliweka chini.

Nyasi za paa zinaweza kuwa tambi nyembamba za ngano zilizokaangwa bila mafuta hadi zikawa za dhahabu, au Weetabix iliyovunjwavunjwa na kubandikwa kwa gundi kuanzia chini kwenda juu, kama aezekavyo fundi. Kuhusu theluji, hapana haja. Anayetaka weupe juu ya paa ana mvua ya mawe, ambayo wakulima wa Kericho na Nandi wanaijua kwa hasara inayowaletea kila mwaka. Peremende ndogo nyeupe zilizotawanywa juu ya nyasi zitaeleweka na kila mtu katika ukoo.

SHAMBA NA WATU WAKE

Nyumba ikishasimama, watoto wapewe uwanja. Vichaka vya chai huundwa kwa bisi zilizoviringishwa katika sukari iliyoyeyushwa na kutiwa rangi ya kijani ya chakula, kisha kupangwa kwa mistari iliyopinda na mteremko. Kashata ya njugu, iliyokatwa vipande bapa, ni barabara nzuri ya vumbi jekundu. Kwa kashata hiyo, yeyusha gramu 400 za sukari kavu katika sufuria hadi iwe rangi ya asali, tia gramu 300 za njugu karanga zilizokaangwa na kumenywa, mwaga juu ya ubao uliopakwa mafuta, sukuma haraka na ukate ikiwa bado moto. Anayetaka rangi ya urujuani inayoelekea waridi anaweza kujaribu chai ya zambarau, ile aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mnamo 2011 na watafiti wa chai wa Kericho: ikikolezwa na kutiwa ndimu hugeuka kuwa nyekundu kidogo, na matone yake machache huipaka aisingi rangi hafifu.

Donge lililobaki huchongwa kuwa ng'ombe, kibuyu cha mursik, mwanariadha anayekata utepe, au mchumaji mwenye kikapu mgongoni. Huyu wa mwisho huenda akazua mazungumzo. Katika mashamba makubwa ya Kericho kazi yake imekuwa ikichukuliwa na mashine, na ugomvi juu ya mashine hizo ulifikia kiwango cha baadhi yake kuchomwa moto mnamo Mei 2023. Mtoto anayeuliza kama katika shamba lake la peremende aweke watu au mashine ameuliza swali ambalo watu wazima hawajalimaliza, na saa ya kuunda vichaka mezani si mbaya kwa kumsimulia bibi yake, kogo, alichuma kilo ngapi kwa siku alipokuwa msichana.

PEREMENDE ZA KUPIKA NYUMBANI

Wanaotaka kupika peremende zao wenyewe kwa sukari na maji wanapaswa kujua jambo moja ambalo vitabu vingi havilitaji. Katika usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Katika kimo cha mita 2,000 huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Maji ya sukari nayo hufuata kanuni hiyo: kwa halijoto ileile, sukari ya Kericho huwa imekwisha kupoteza maji mengi kuliko sukari ya Mombasa. Kitabu kinachosema peremende ngumu ziondolewe motoni kwa nyuzi 149 kinapaswa kusomwa kama nyuzi 142, na tofi laini ya nyuzi 114 iwe 107. Asiyejua hilo hupata tofi inayovunjika kama chaki na hulaumu sukari.

Njia ya kupata hesabu ya nyumbani kwako ni kuchemsha maji matupu, kutumbukiza kipimajoto na kusoma. Tofauti kati ya namba hiyo na 100 ndiyo ya kupunguza kila mahali. Asiye na kipimajoto adondoshe tone la sukari kwenye kikombe cha maji baridi: likishikika kama mpira laini ni tofi, likivunjika kwa mlio ni peremende ngumu. Kipimo hiki hakidanganyi popote, Lamu wala Londiani. Kashata ya sukari kavu haihusiki na hesabu hizi, kwa sababu haina maji. Huangaliwa kwa rangi.

Sukari iliyoyeyuka ina moto kuliko maji yanayochemka na hunata kwenye ngozi. Mtoto asikaribie sufuria hiyo, na mtu mzima anayeipika asimbebe mtoto wala asiitwe simu. Ajali ikitokea, sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha ifunikwe kwa kitambaa safi na mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Majarini, dawa ya meno na majivu, ambavyo katika nyumba nyingi ndivyo vya kwanza kukimbiliwa, visipakwe. Hufungia joto ndani au huleta uchafu katika kidonda. Fauka ya hayo, watoto walio chini ya miaka minne wasipewe peremende ngumu wala njugu nzima, maana huweza kuwakwama kooni.

RATIBA YA SIKU TATU

Krismasi ya Wakristo wengi wa Kericho na Bomet ni ya kanisa kwanza, kisha nyama, chapati na chai. Kwa hiyo kazi hii haifai kuachiwa siku yenyewe. Donge likandwe jioni ya tarehe 22 na kuokwa tarehe 23. Siku ya mkesha asubuhi vipande vikaushwe tena, kuta zisimamishwe kabla ya saa sita mchana, na paa liezekwe alasiri, ili mapambo yawe kazi ya jioni wakati ndugu waliotoka Nairobi na Nakuru wameshawasili. Wafanyakazi wengi wa mashamba ya chai ni wenyeji wa kaunti nyingine na husafiri katika siku hizohizo. Biskuti zilizokauka vyema husafiri salama zikiwa vipande ndani ya debe, na nyumba ikajengwa Kisii au Vihiga kwa gundi itakayopigwa hukohuko.

Wengine hawatakuwepo kabisa. Desemba ni msimu wa jando, na katika boma nyingi za Wakipsigis kuna kijana aliye katika menjo, nyumba ya kutengwa, ambaye hataonekana mezani siku ya Krismasi. Biskuti ya tangawizi iliyookwa mara mbili na kufungiwa katika bati hukaa wiki kadhaa bila kuharibika. Nyumba yenyewe itakuwa imeliwa kufikia tarehe 26, kuanzia paa, kama ilivyo desturi ya watoto kila mahali. Lakini donge la kiasi kilichotajwa hapo juu hutoa vipande vya ziada, na inatosha kutenga vichache, kuandika jina la kijana huyo juu ya bati, na kuliweka kwenye rafu ya juu.